Utelezi wa Kisimani

Duka la pembejeo lilikuwa limefurika watu asubuhi ile, kila mmoja akimsukuma mwenzake ili aifikie kaunta, na mfuko wa mwisho wa mbolea ulikuwa umeshikwa na watu wawili. Upande mmoja alikuwepo mwanamke mwenye koti jeupe la maabara na viatu vya mpira vilivyoganda matope. Upande wa pili alikuwepo mwanamume mrefu, mikono ya shati lake la bluu imekunjwa mpaka kwenye viwiko, kiganja chake kigumu kama kisigino.

“Dada, niachie. Ni wa bustani ya mama.”

“Na mimi ni wa wanangu, kaka. Wana njaa.”

“Wanao wanakula mbolea?”

“Wanangu wanakula dizeli. Mbolea ni kitoweo tu.”

Foleni nzima iliangua kicheko. Mwanamume aliuachia mfuko, kisha akaubeba mwenyewe begani hadi kwenye gari la maabara. Kabla hajaushusha alikuwa ameshapata namba ya simu, na ameshahakikishiwa kwamba watoto hao hawana baba.

Kazini mwanamke huyo walimwita Daktari wa Matope, naye jina hilo alilipenda. Alikuwa amepewa yadi ya malori iliyofungwa, ambayo matangi yake ya chini ya ardhi yalivuja dizeli miaka ishirini bila mtu kujali. Hao aliowaita wanawe walikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vyenye kazi ya kuyala mafuta hayo ndani ya udongo. Yeye aliwapelekea hewa kwa pampu na maji ya mbolea kupitia mabomba sita yaliyozamishwa ardhini, na waliposhiba waliacha ndani ya mabomba utelezi mzito wa rangi ya maziwa. Dizeli ilikuwa inateremka taratibu kuelekea ukuta wa yadi, na bomba la sita, lililo karibu kabisa na ukuta, ndilo lililokuwa mlinzi. Likiwa safi, waliokaa upande wa pili walikuwa salama.

Siku ya kwanza alipomwonyesha mpenzi wake yadi hiyo, mwanamume alisimama ghafla akiutazama ukuta.

“Unajua upande wa pili ni kwa nani?”

“Kwa nani?”

“Kwa mama. Ana kisima pale. Cha kwanza kuchimba kwa mikono yangu.”

Kumbe huyu mwanamume alikuwa fundi wa visima. Siku hiyohiyo Daktari akaenda kuyapima maji ya kile kisima. Yalikuwa safi kabisa. Akamshika mkono yule mama mshonaji, aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni, akamwambia anywe bila wasiwasi. Mama akacheka, na tangu hapo akamwita mkwe. Daktari hakurudi kuyapima tena, maana bomba la sita lilimtosha.

Penzi lilinoga. Fundi alipiga simu asubuhi kuuliza hali ya watoto, mchana kuuliza kama mama yao amekula. Siku moja Daktari alikuja na gauni la kijani, kajipulizia manukato mpaka shingoni, fundi akalisifu gauni tu.

“Yaani hata husemi ninanukia?”

“Pua yangu ilikufa kwa gundi ya mabomba, mpenzi. Sisikii harufu ya kitu. Wewe niambie unanukia nini, nami nitaamini.”

“Waridi.”

“Basi waridi. Tena la asubuhi.”

Kisha Daktari akaitwa mafunzoni siku kumi, na akamwachia fundi ufunguo wa yadi ili aangalie pampu isizimike. Siku ya nane simu iliita.

“Nimekuandalia zawadi, mama watoto. Ukirudi utanibusu mbele ya mlinzi wa getini.”

“Zawadi gani?”

“Haisemwi kwenye simu.”

Aliporudi alienda yadi kabla hata hajaweka begi nyumbani. Harufu ilimpokea getini, kali, ya kuchoma macho. Mabomba yote sita yaling'aa kama vyombo vya harusi, na hakukuwa na chembe ya utelezi. Aliweka tone la maji chini ya hadubini, akaweka jingine, akaweka la kumi. Hakuna kilichotikisika.

“Umeweka nini?” alimuuliza fundi, aliyekuwa akimsubiri pale.

“Klorini,” fundi alijibu huku akitabasamu. “Yalikuwa na utelezi wa aibu! Nimesugua siku mbili.”

“Umewaua.”

Tabasamu likamtoka. Daktari hakuliona hilo, kwa sababu alikuwa amekumbuka maneno aliyoambiwa na mlinzi pale getini: kwamba fundi alionekana akicheka na mwenye yadi, bwana aliyetaka kazi ile ifutwe ili auze viwanja bila kusubiri udongo usafike. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka akiwa nayo?

“Amekutuma, siyo? Sema! Umejifanya kunipenda ili uniharibie kazi.”

“Alinisalimia, nikacheka. Basi.”

“Mama yako mwenyewe yuko nyuma ya ukuta ule, na bado ukakubali kutumwa!”

Fundi aliweka ufunguo juu ya meza, pembeni ya hadubini, akaondoka bila kugeuka.

Wiki tatu zilipita. Daktari alijaribu kuwafufua wanawe kwa mbegu ya maabara, ikakataa kushika. Dizeli ilirudi kwenye bomba la nne, kisha la tano. Kila alfajiri alipima la sita, na kila alfajiri lilikuwa safi. Simu ya fundi iliita mara mbili naye akaitazama tu. Alipotaka kuipiga yeye, kiburi kilimshika mkono. Alimkumbuka mwanamume yule hata alipokuwa akipiga mswaki, akajichukia kwa hilo.

Kisha akapiga simu mama wa fundi.

“Mkwe, mmegombana nini? Mwenzio hali chakula.”

“Aliweka klorini kwenye mabomba yangu, mama.”

“Sasa angeweka nini? Hata changu alipomaliza kukichimba alikimwagia klorini. Anasema fundi anayeacha utelezi kwenye bomba ni mchafu, heri akalime.” Mama akakohoa kidogo. “Njoo Jumamosi. Kichwa kinanisumbua siku hizi, mkija wote wawili nitapona.”

Daktari alikaa chini, simu mkononi. Hakuwahi kumweleza fundi kwamba utelezi ule ndio watoto wenyewe. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa wazi mno kulisema, na kwa fundi usafi ulikuwa wazi mno kuuulizia. Alilia kwa aibu.

Jumamosi asubuhi alivaa lile gauni la kijani. Alimkuta fundi kisimani, glavu mkononi, ndoo miguuni.

“Nimekosa,” Daktari alisema. “Nilikutukana kwa kazi uliyoifanya kwa mapenzi.”

“Na mimi niliwaua wanao.”

“Basi tumefiwa wote.”

Fundi alicheka, macho yakamlowa. Kisha akainua ndoo kama mtu aliyeficha zawadi kwa muda mrefu.

“Ona. Mama alisema kamba inamteleza mkononi, nikashuka kusafisha. Nimekuta utelezi tele, wa maziwa, kama ule wako! Dumu la klorini lile pale, sijalifungua. Safari hii nilisema nimuulize kwanza mwenyewe.” Akapiga goti palepale kwenye matope. “Hii si ndiyo mbegu uliyokosa? Wako hai, mpenzi. Tuanze upya. Niruhusu nikuoe, watoto wapate baba.”

Daktari aliutazama ule utelezi, na kwa pumzi moja furaha ikamjaa kifuani. Kisha akainama karibu zaidi, na harufu ikamfikia. Wanawe hawakai mahali pasipo na chakula.

Mama alitokea mlangoni na sinia la glasi tatu za maji, uso umemchangamka.

“Nimesikia neno kuoa! Kunyweni kwanza.”

“Mama, haya maji yamebadilika tangu lini?”

Mama aliona haya. “Yana ladha ya ajabu kidogo tangu kabla hujasafiri. Ningemwambiaje mwanangu, na ndicho kisima chake cha kwanza? Tena wewe mwenyewe ulisema ninywe.”

Kabla hajasafiri. Kabla ya klorini. Maji hufuata mkondo, na mafuta yalikuwa yamelipita bomba la sita pembeni zamani, yeye akihesabu usafi wake kila alfajiri. Alizichukua glasi moja moja akazimwaga chini.

Fundi alibaki amepiga goti, akimtazama Daktari, kisha mama yake, kisha ndoo. Alivuta pumzi kwa nguvu, asisikie kitu.

“Inanuka nini?” aliuliza taratibu. “Niambie, nami nitaamini.”

Daktari alipiga magoti mbele yake, akakishika kile kiganja kigumu.

“Nimekubali unioe,” alisema. “Hilo lishike kwanza.”

Halafu akamwambia, naye akaamini.