Dawa Iliyopitishwa kwa Jirani

Kitendawili! Ukininywesha ana kwa ana, naponya. Ukinipitisha kwa jirani, naua. Mimi ni nini? Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimeupokea na watu wake. Jibu ni onyo.

Ujumbe wa simu uliingia fundi cherehani akiwa anatia lesi kwenye gauni lake mwenyewe la harusi.

"Hilo gauni liache. Siwezi kuoa mwanamke anayenianika."

Aliyeandika ni mchumba wake, mwokaji mikate, na chanzo fundi alikijua. Kwenye kikundi cha sala kila mtu alikuwa akitaja hitaji lake. Zamu ya fundi ilipofika akaomba, kwa sauti ya huruma, wamkumbuke ndugu mmoja anayemfokea mama yake mzee kwa kuwa amekuwa msahaulifu. Jina hakulitaja. Lakini pale kanisani mama msahaulifu alikuwa mmoja tu, mama wa mwokaji, yule aliyewahi kuja ibadani na viatu visivyo ndugu. Kabla "amina" haijapoa, habari ilishafika tanuruni.

Fundi akamkimbilia shangazi yake, aliyewafundisha wote wawili barua za mitume tangu wadogo. Alitaraji kufutwa machozi.

"Yeye mwenyewe ulimwambia kwanza?"

"Niliogopa ataniacha, shangazi."

"Na sasa amebaki? Wewe ni mwoga, mwanangu, ukauvika woga wako vazi la sala. Mitume walikaripia watu mpaka wakawaliza, lakini waliwaandikia wenyewe. Nakwambia kwa sababu nakupenda. Asiyekupenda angekubembeleza, akakuchekea pembeni. Vaa viatu, twende."

Walimkuta mwokaji anakanda unga, ngumi zinashuka utadhani ana ugomvi nao. Mama yake kakaa mlangoni anakunja taulo, analikunjua, analikunja tena.

Fundi akapiga magoti, akaomba radhi bila kujitetea: alisengenya, akaita sala. Mwokaji hakuinua macho.

"Umeniaibisha mbele ya watu ninaowauzia mkate."

"Nimekuaibisha. Nimekosa."

"Basi yameisha. Nenda na gauni lako."

Shangazi akavuta kigoda, akaketi kama mtu asiye na safari.

"Huyu yake ameyasema. Sasa wewe, mwanangu. Unamfokea mama yako, au humfokei?"

Mwokaji akaanza kueleza kwamba watu hawajui anavyoamka alfajiri. Kwamba juzi mama alisahau mkate tanuruni ukawa makaa. Kwamba mwanamke wa heshima hatoi ya nyumbani nje.

"Mkate sikuuliza. Nimeuliza mama."

Mama akainuka kumpelekea mwanawe lile taulo. Kabla hajamfikia akasita, bega limejikunja kama la mtoto anayengoja kofi.

"Usikasirike, baba," akasema taratibu. "Nimelikunja vibaya?"

Fundi akageuza uso. Mwokaji aliliangalia lile bega, na mikono ikamsimama kwenye unga. Akalipokea taulo kwa mikono miwili, akamkalisha mama yake, naye akakaa sakafuni miguuni pake. Ndipo akamtazama mchumba wake.

"Namfokea," akasema. "Hata leo asubuhi nimemfokea. Usiondoke. Nikirudia, niambie mimi."