Vijiko Viwili Vya Supu

“Mpenzi, nimekosea wapi? Huu uyoga wangu haufanani na wako hata kidogo.”

Chiriku alikuwa kitandani, homa imemlaza, simu ameibana kati ya sikio na mto. Aliposikia hivyo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Hebu fikiria, mpika bia mzima kaingia jikoni kumpikia mgonjwa!

“We Povu, nani kakuruhusu kushika sufuria zangu huko kazini?”

“Shangazi kanifungulia. Kasema nikiunguza kitu nisimtaje.”

“Kitunguu umekikaanga mpaka kikawa kahawia?”

“Nimekikaanga.”

“Nyanya?”

“Nimetia. Tangawizi nimetia, pilipili manga nimetia, nimekoroga mpaka mkono unauma. Nikionja, naona maji matupu. Na wewe hujala tangu jana, nataka nikuletee kitu unachokipenda.”

“Umetia ile ya kwenye ndoo?” Chiriku aliuliza, macho kayafumba. “Friji, rafu ya chini, ndoo ndogo yenye mfuniko mweupe. Chota vijiko viwili vikubwa, utaona vile...”

Macho yakamtoka. Homa yote aliisahau.

“Ngoja, achana nayo! Povu? Usifungue!”

“Nimeshafungua. Imeganda, ina mafuta juu. Chiriku, hii ni nini?”

Jamani, huyu mwanamke aliitwa Chiriku kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema. Siku hiyo alikosa.

“Nakuuliza. Ni nini hii?”

“Ni supu... ya mifupa.”

“Mifupa ya nini?”

“Ya ng’ombe.”

Simu ikakatika.

Sasa niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, maana bila hivyo utamhukumu haraka. Ukishasikia yote, mhukumu utakavyo.

Hawa wawili walifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha bia. Matangi yalikuwa nyuma ya ukuta wa kioo, mbele kuna ukumbi wa kunywea wenye meza ndefu za mbao, na pembeni jiko la Chiriku. Mwenye mali ni mama mmoja ambaye kila mtu, hata wateja, alimwita Shangazi. Menyu yake ilikuwa nyama kwenda mbele: mbavu, soseji, mabawa ya kuku. Asiyekula nyama alipewa chipsi na vipande vya tango, akaambiwa karibu tena.

Na Povu hakuwa anakula nyama. Hakuigusa tangu angali mtoto mdogo. Dini haikumkataza, wala hakuwa na ugonjwa wowote. Chiriku alimdadisi mpaka akachoka.

“Sili tu,” Povu alimjibu. “Lazima niwe na hadithi?”

Ukiniuliza mimi, kosa lilianzia hapo. Angesema daktari kamkataza, Chiriku angechunga hata kisu. Lakini hiyo “sili tu” aliiona kama deko la mtu mzima.

Hata hivyo roho ilikuwa inamuuma kumwona kijana wa watu anatafuna chipsi kila mchana. Akaamua kumbunia chakula chake: rojo la uyoga, zito, juu ya mkate uliochomwa. Mara ya kwanza Povu aliacha nusu sahani. “Tamu,” alisema, kwa ile adabu inayokera. Mara ya pili akaacha nusu tena, na Chiriku akaenda kulia stoo. Mara ya tatu akaingiza kijiko kwenye supu ya mifupa aliyoiweka kwa ajili ya mbavu. Vijiko viwili ndani ya uyoga. Akajiambia moyoni, leo tu.

Povu alikula akafuta sahani kwa mkate, akaomba nyingine. Ulimi wake ulikuwa mkali, bia ikiharibika kidogo tu yeye wa kwanza kujua. Lakini mtu asiyeijua ladha ya ng’ombe ataitambuaje? Alisimama mlangoni mwa jiko, sahani mkononi, akasema:

“Chiriku, sijawahi kupata mtu wa kukaa akanifikiria hivi. Mimi nakupenda, bwana. Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa.”

Wewe ungemwambia? Haya. Na yeye hakumwambia. Kesho yake akarudia, na keshokutwa. Shangazi alipoonja alipiga makofi, akakitia chakula kwenye menyu na jani la kijani pembeni, alama kwamba hakina nyama. Wasiokula nyama wakaanza kumiminika, na Povu mwenyewe akiwafuata mezani kujigamba: “Mchumba wangu ndiye kakibuni. Kanibunia mimi.” Wiki iliyofuata alikuwa aende kwa kina Chiriku kujitambulisha kwa wazazi.

Sasa simu imekatika, na haipokelewi tena.

Jioni mlango uligongwa. Dada yake Chiriku, ambaye waliishi pamoja, alifungua.

“Karibu shemeji, karibu. Mgonjwa wako huyu hapa, tangu mchana analia hataki kusema.”

“Asante, dada. Sitakaa.”

Povu aliingia na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Akaliweka kwenye kiti kando ya kitanda.

“Kula. Hauna ladha, lakini kilichomo unakijua.”

“Povu, nisamehe. Nilikusudia siku moja tu.”

“Ikawa ngapi?”

“Ikawa kila siku,” Chiriku alisema.

Dada mtu alipoelewa alishika mdomo. Kisha akajaribu kutuliza mambo.

“Lakini shemeji, ni supu tu jamani. Si sumu.”

“Kweli dada, supu tu. Ndiyo maana ingekuwa rahisi kuniambia.”

“Niliogopa!” Chiriku alikaa kitako, jasho linamtiririka. “Ulikuwa unaacha chakula changu nusu. Siku uliyomaliza ndiyo siku uliyosema unanipenda. Ningeanzia wapi? Ningesema hapana, hukupenda mkono wangu, ulipenda mifupa?”

“Ungesema haujakolea. Basi! Ungekuja pale kwenye kioo ukagonga. Nina tangi zima la maji ya kimea, mazito, matamu, yamekolea hata kabla sijayageuza bia. Ungeomba jagi moja ungeona kama uyoga ungekosa ladha. Tungepika wote, Chiriku.”

Hilo lilimchoma kuliko yote. Kila asubuhi alifanya kazi ndani ya harufu ile ya kimea kinachochemka, akaipenda hata ikamwingia kwenye nguo, na hakuwahi kufikiria kuomba. Alikuwa anaficha, na mtu anayeficha haombi msaada.

“Nitaacha,” alisema. “Nitapika upya. Utasimama pale pale uone kila ninachotia.”

“Nisimame leo, na kesho, na nikishakuoa pia nisimame?” Povu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamlenga. “Nakupenda, sitadanganya. Lakini tukikaa mezani nitakuwa naangalia sahani badala ya kukuangalia wewe. Sitaki kuwa mume wa hivyo.”

“Na wazazi? Mama ameshaanza kutangaza.”

“Wapigie. Waambie siji.”

Alipotoka, dada mtu alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakugomba, na Chiriku alitamani agombe.

“Kula basi, mdogo wangu. Kitapoa.”

Chiriku alikula. Ulikuwa hauna ladha kweli, na aliumaliza wote.

Alipopona alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi.

“Shangazi, lile jani la kijani lifutwe.”

“Umerukwa na akili? Nusu ya watu wa mchana wanafuata huo uyoga!”

“Una supu ya ng’ombe. Tangu siku ya kwanza.”

Shangazi alijishika kiuno, akaangalia mlango kama kuna mtu anasikiliza.

“Nani mwingine anajua?”

“Povu.”

“Povu si mtu wa maneno. Basi kuanzia leo usitie, tunyamaze, maisha yaendelee. Nani atajua?”

“Nimenyamaza, Shangazi. Unaona nilichokipata.”

Akavua aproni, akaenda meza ya dirishani. Hapo alikuwa akikaa mwalimu mmoja mstaafu na binti yake, wasiokula nyama wote wawili, wateja wa tangu mwanzo.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mpishi wetu! Umepona? Tumekukosa.”

“Mwalimu, uyoga niliokuwa nawapa ulikuwa na supu ya mifupa. Shangazi alikuwa hajui. Nilijua mimi. Nawaomba radhi.”

Binti alisukuma sahani mpaka ikagonga glasi. Mzee aliweka mkate wake mezani.

“Mimi nilikuwa naleta wageni hapa,” alisema taratibu. “Nawaambia, kuleni bila wasiwasi, namjua mpishi.”

Akainuka, akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Povu aliyaona yote kupitia kioo. Baadaye akaja na jagi la maji ya kimea, akaliweka kwenye kidirisha cha jiko.

“Moto mdogo,” alisema. “Ukiwa mkali yataungua, yatakuwa machungu.”

“Asante.”

“Haya.”

Basi. Kwa siku nyingi mazungumzo yao yakawa hayo: moto, chumvi, jagi limekwisha. Na nikwambie ukweli, uyoga wa kimea ulikuwa mtamu kuliko ule wa mifupa, kwa mbali sana! Wateja wakarudi kidogo kidogo, ingawa meza ya dirishani walikaa wengine. Povu alikuja na chakula chake kutoka nyumbani. Alikula akiwa ameegemea tangi, na kila alipofungua kile kibakuli Chiriku aligeukia ukutani.

Siku moja alikuja kidirishani mikono mitupu.

“Nimepata kazi kwenye kiwanda kingine. Mji mwingine.”

“Ni kwa ajili yangu?”

“Ndiyo.”

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na maneno mengi, yote ameshayasema.

“Nenda salama, Povu.”

“Baki salama.”

Miezi ikapita. Wazazi waliacha kuuliza, dada mtu akaacha kumtaja. Chiriku alizoea kunusa kimea kinachochemshwa na mpika bia mwingine, mtu mwema tu, anayekula mbavu kila siku. Ndipo mchana mmoja wenye wateja wengi simu yake ikalia, ujumbe wa Povu.

“Habari za huko. Mpishi wa huku anatafuta cha kuwapikia wasiokula nyama. Naomba unitumie ule upishi wa kimea.”

Aliegemea friji akaandika kila kitu, tangu kitunguu kinavyokatwa mpaka moto unavyopunguzwa. Akausoma, akaongeza tangawizi aliyoisahau, akausoma tena, akautuma. Jibu lilikuja upesi.

“Asante sana. Ameniuliza kama nina hakika hamna nyama, maana naye hali nyama kama mimi. Nimemwambia apike tu. Aliyeandika namwamini.”

Chiriku alilirudia neno lile la mwisho, namwamini. Alikuwa ameliomba kitandani na homa, ameliomba kwenye kidirisha kila siku bila kufungua mdomo. Leo amepewa, na atakayempikia Povu ni mwingine.

“Nashukuru,” aliandika. “Mwambie asikose kuwasha moto mdogo.”

Kisha akakaa chini, sakafuni pale pale jikoni, akalia kwa kwikwi mpaka Shangazi alipokuja kuuliza oda ya meza ya nje imefikia wapi.