Gari Ndogo Haipandi Jabali

Duka la viatu la Qurum lilikuwa limejaa jioni ile ya Alkhamis, hata pa kukaa hapana. Khulood, abaya yake nyeusi kaikunja hadi vifundoni, kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, mguu wa pili kauchomeka ndani ya buti la kupandia majabali.

"Hilo kubwa kwako," mtu akasema nyuma yake. "Utafika juu peke yako, buti limebaki chini."

Akageuka. Kijana mrefu, kanzu nyeupe iliyonyooka kwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, na chini buti kuukuu limejaa vumbi wala haoni haya.

"Wewe muuzaji hapa?"

"Mie mteja tu. Lakini jabali nalijua. Kila Ijumaa nipo juu."

Alikuwa Nasr, mwalimu wa jiografia, kwao Ansab, huku huku mjini. Akamchagulia buti la kumkaa, wakatoka wakicheka. Nje Khulood alipanda gari kubwa la kaka yake Loai, kwani yake mwenyewe ilikuwa kwa fundi.

"Mashallah, gari hili litakufikisha popote," Nasr akasema.

Mtu akisifiwa gari ya watu, hunyamaza. Khulood akawasha, akaondoka.

Simu zikaanza. Khulood alifanya kazi wizarani, Al Khuwair, dirisha lake likitazama barabara kuu yenye miti isiyobadilika rangi Januari hadi Disemba.

"Huko juu kuna nini hasa?"

"Sasa hivi? Mikomamanga inageuka manjano. Mijozi inapukutika. Ukipita baina ya vijiji, chini panalia khash, khash."

"Mbona unanitamanisha?"

"Ndo kazi yangu, roho yangu."

"Roho yako toka lini?"

"Toka buti."

Usiku mmoja wa Novemba sauti ya Nasr ikashuka. "Khulood, Ijumaa njoo Al Aqr, kijijini huku juu, uje na khalati yako bi Masouda, pasiwe na maneno. Nna jambo halisemeki simuni. Ukija, ntajua umelikubali kabla sijalitamka. Usipokuja, ntajua pia. Sitokusumbua tena."

"Unanitisha?"

"Nakuomba."

Ijumaa hiyo Khulood alijitanda shela ya rangi ya chungwa lililoiva. Bi Masouda, dada wa mamake, alibeba kopo la visheti. Loai alikuwa keshasafiri na gari lake, basi wakachukua ile nyeupe ndogo ya Khulood. Walipofika Birkat Al Mauz, chini kabisa ya mlima, askari akawasimamisha. Gari ndogo haipandi jabali. Hupanda zile zenye nguvu ya magurudumu manne tu.

Bi Masouda akabishana, akatoa visheti. Askari akavipokea visheti, gari akaikataa.

"Khalati, mbona hakunambia?"

"Mwanamme anayekutaka hukwambia njia," bi Masouda akasema, anafunga kopo. "Huyu kakwita ili urudishwe."

Maneno yakamwingia Khulood kama mwiba. Akazima simu, akageuza gari.

Juu, Nasr alikaa chini ya mjozi mpaka laasiri. Kila gari iliponguruma, alisimama, akakaa tena. Akateremka, akalishika neno alilolitoa mwenyewe: hakupiga simu.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Buti za Khulood zilikaa kabatini, nyayo safi. Siku nyengine akizivaa chumbani, akizunguka juu ya marumaru, na marumaru hailii khash. Penye taa za barabarani Al Khuwair alitazama miguu ya kila mwanamme anayevuka, akitafuta buti lenye vumbi. Nasr alipanda kila Ijumaa. Akaiona miti mitupu, akaiona inachanua, ikarudi kijani, na hana wa kumwambia. Akiandika, "Leo yamefunguka maua," halafu akifuta.

Novemba ikarudi.

"Khalati, twende jabali."

"Kwa gari gani?"

"Hii hii."

"Si wataturudisha!"

"Na turudishwe. Njia ni moja, naye hupita pale kila Ijumaa."

Bi Masouda akamtazama sana. Kisha akenda jikoni kukaanga visheti.

Kituoni alikuwapo askari yule yule. Alipomwona bi Masouda, akacheka, akasema kwa Kiarabu, "Mama wa visheti! Mwaka jana nimekurudisha, na leo umekuja na gari ile ile?"

Nyuma yao kwenye foleni mtu alikuwa kamtambua Khulood katika shela yake ya chungwa, kashuka garini mbio. Aliyasikia yale.

"Mwaka jana?" Nasr akauliza. "Khulood, ulikuja?"

"Nilikuja mpaka hapa."

"Na gari lile kubwa?"

"La Loai. Wewe hukuuliza, mie sikusema."

"Wallahi, mie mjinga."

"Tuko wawili."

"Watatu," bi Masouda akasema dirishani. "Na mie nilitia maneno."

Waliiacha ile ndogo pale, wakapanda kwa gari ya Nasr. Upepo ulikuwa umeyashusha majani mengi, lakini mikomamanga ilikuwa bado na manjano yake, na ngazi za mashamba zilishuka bondeni kama mikeka iliyoanikwa.

"Kwetu Unguja mti ukipukutika hivi, hukatwa kuni," bi Masouda akanung'unika, akakaa kandoni mwa mfereji wa falaji na kopo lake, macho hayawaachi.

Wao wakatangulia hatua chache. Khash, khash.

"Lile jambo," Nasr akasema, "nilitaka kuleta wazee kwenu. Mwaka mzima nimelibeba. Bado nataka."

Khulood alitazama buti zake, mara ya kwanza zimeshika vumbi. Akaokota jani, akaligeuza, akaliangalia upande wa pili.

"Kwenu Ansab," akauliza, "pana mahala pa kuweka gari ndogo?"

Kabla Nasr hajajibu, nyuma yao kigelegele cha bi Masouda kilikuwa kishaanza, mdomo umejaa visheti.