Mwendo wa Kuongea

Watu wa stendi ya Babati walimwona Theodory akiongea peke yake wakaamua kwamba amerukwa na akili. Alikuwa akizunguka stendi kwa pembeni, kando ya maduka, amevaa suti ya michezo ya bluu ya mtumba yenye jina la mtu mwingine mgongoni, na midomo yake haikutulia. "Bonga. Bereko. Kolo. Kondoa." Akifika Kondoa anavuta pumzi, anaanza upya. Wapiga debe wawili walimfuata nyuma wakimuigiza, na mmoja akamuuliza kama gari lake bado lina nafasi ya mbele.

Jenipher alikuwa akigeuza perege kwenye mafuta mbele ya mgahawa wake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mwenye mwili, kitenge cha njano kimemkaa kiunoni, na mdomo wake ulijulikana stendi nzima. Wengi walimwita Mama Eliya, kwa jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mwanza.

"Baba, unamwita nani?" alimuuliza yule mtu alipopita mara ya tatu.

"Simwiti mtu. Napima pumzi."

"Kwa kutaja vituo?"

Theodory alisimama, akashika nguzo ya mgahawa. "Moyo ulinishika mwaka jana. Huko Dar wakanizibua mshipa, halafu wakanifanyisha mazoezi wiki nyingi. Siku ya kuniruhusu, bwana wa mazoezi akasema, sasa mzee ni wewe na miguu yako, tembea maisha yako yote. Lakini mwendo uwe wa kuweza kuongea. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Ukiweza kuimba, unategea."

"Na huna mtu wa kuongea naye?"

"Mke wangu alifariki baada ya kuniuguza. Binti yangu Blessing yuko Arusha. Miaka yote nimeendesha lori, kwa hiyo naongea na barabara."

Jenipher akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha tumboni, na wale wapiga debe wakageuka kuangalia. Theodory alimtazama kama mtu aliyeletewa chakula.

"Cheka tena," akasema.

"Nikicheka tena samaki wataungua."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Ilichukua muda kabla Jenipher hajamwambia kwamba na yeye ana kisukari, na kwamba pale kliniki wamemchosha kwa kumwambia atembee.

"Tangu alfajiri nimesimama hapa," alilalamika. "Si ni mazoezi hayo?"

"Mlingoti nao unasimama, mama. Hujawahi kusikia umepona sukari."

Basi wakaanza kutembea pamoja. Asubuhi, kabla hajawasha jiko, Jenipher alivaa raba zake na kumpitia Theodory nyumbani kwake Nakwa, wakashika njia ya kuelekea ziwani, kupita mashamba ya mahindi yaliyolowa umande. Wakati huo Mlima Kwaraa huwa bado umejifunika ukungu, na viboko wanarudi majini wakikoroma. Waliongea njia nzima, maana ndiyo ilikuwa dawa. Waliongea juu ya marehemu wao, watoto wao, chumvi iliyokatazwa na soda zilizokatazwa. Theodory akianza kukata maneno, Jenipher anapunguza mwendo bila kumwambia. Jioni simu zinaanza.

"Umekunywa dawa, dereva wangu?"

"Ya presha nimekunywa. Ya moyo nimekunywa. Ile ya kupunguza maji nitakunywa asubuhi. Wewe je, sukari yangu?"

"Usiniite sukari. Sukari ndiyo inayoniua."

"Basi nikuite nini?"

"Niite Jenipher. Hakuna anayeniita hivyo tena."

Siku moja raba zikamchubua kidole cha mguu wa kushoto. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la siku mbili. Kwa Jenipher, kidonda kikagoma kufunga, kikaanza kutoa maji. Alivua kiatu mbele ya Theodory, wamekaa juu ya jiwe kando ya ziwa, akamwonyesha huku ameangalia pembeni.

"Nenda hospitali leo," Theodory akasema.

"Nitaenda. Jikoni nakifunga na kunawa. Ila usimwambie mtu. Nani atakula chakula cha mwanamke mwenye kidonda?"

"Nimwambie nani? Mimi naongea na barabara tu."

Akaukamata ule mguu, akaufuta mchanga kwa leso yake. Jenipher hakuwa ameguswa na mwanaume kwa miaka tisa. Kurudi kwao siku hiyo hawakuongea sana, na Theodory hakuishiwa pumzi.

Kilichowaharibia kilitokea Jumapili. Walikuwa wametoka ibadani, Jenipher ndani ya gauni la zambarau, Theodory ndani ya suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Ibada ilichelewa kuisha. Theodory alikuwa amemeza kile kidonge cha kupunguza maji asubuhi, na kidonge kile hakimsubiri mchungaji amalize. Wakiwa barabara kuu karibu na stendi, kati ya watu waliovaa nguo zao za Jumapili, Theodory akasimama ghafla katikati ya sentensi. Ile kaki ikabadilika rangi kuanzia juu mpaka kwenye viatu.

Vijana wa bodaboda wakaona. Mmoja akasema, "Mzee, umepasua rejeta." Wote wakaangua kicheko.

Na Jenipher akacheka.

Baadaye alijaribu mara nyingi kujielezea mwenyewe kile kicheko kilitoka wapi. Kilikuwa mshtuko, kilikuwa aibu, lilikuwa lile neno rejeta. Lakini kilitoka, kikubwa, cha tumboni, kilekile, na Theodory alikisikia juu ya vicheko vyote. Alimtazama mara moja. Kisha akapanda bodaboda ya mmoja wa walewale waliomcheka, akaondoka ameloa.

Jenipher alipiga simu mpaka jioni ndipo ikapokelewa.

"Theodory, nisikilize."

"Nimekusikia mchana."

"Ilinitoka. Sikukusudia."

"Ulicheka na wale watoto."

"Nisamehe, baba. Kesho nakuja, tutembee, tuyaongee."

"Usije." Alikuwa akipumua kwa nguvu kama mtu aliye mlimani. "Mke wangu aliniosha miezi miwili hospitali. Hakucheka hata siku moja."

"Usinilinganishe na marehemu."

"Huwezi kulingana naye," Theodory akasema, na simu ikakatika.

Kama angeishia hapo, pengine wangepatana wiki hiyohiyo. Lakini siku ya pili Theodory alikwenda kwa kinyozi, na pale kwa kinyozi habari ya suruali ilikuwa imeshafika. Wakamtania. Aliwaacha wamalize, halafu akasema polepole, kila mtu akimsikia: "Mnanicheka mimi, na mchana mnakwenda kula kwa Mama Eliya. Mwambieni awavulie kiatu muone kilicho ndani. Kidole kinaoza, na mkono unaokishika ndio unaowasongea ugali."

Ilipofika saa ya chakula cha mchana, benchi za Jenipher zilikuwa tupu. Mteja wake wa siku zote, Baltazar fundi cherehani, alipita akitazama upande wa pili. Mwanamke wa mgahawa wa jirani ndiye aliyemwambia, na alimwambia kwa furaha.

Jenipher hakuhitaji kuuliza maneno yametoka wapi. Mguu ule ulikuwa umeonwa na mtu mmoja.

Alichofanya kilikuwa cha kijinga, na alikijua kuwa cha kijinga alipokuwa akikifanya. Badala ya kwenda hospitali kama alivyoahidi, alinunua buti za plastiki zilizofunika mpaka kwenye ugoko, akazivaa kutwa, amesimama, ili watu waone anatembea vizuri na hana kitu. Miguu ilichemka ndani ya plastiki. Alipoanza kutetemeka kwa homa, bwana afya alikuwa ameshafika na kumwambia afunge mgahawa mpaka apone. Eliya akaja kutoka Mwanza kumpeleka hospitali. Kidole kilikatwa, na cha pembeni yake kikakatwa wiki iliyofuata.

Akiwa wodini alisikia kwamba Theodory naye hatembei tena. Alikuwa anaona aibu kupita barabarani. Blessing alikuja kutoka Arusha, akamweka kwenye kochi na kumkataza hata kubeba kikombe, na miguu ya baba yake ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyeleta habari hiyo, akasema maskini.

"Avimbe," Jenipher akasema. Na aliona raha. Usingizi wa usiku huo ulikuwa wa kwanza mzuri tangu akatwe.

Walikutana kliniki, siku ya wagonjwa wa presha na sukari, kwenye benchi refu ambalo kila mtu husogea kadiri jina linavyokaribia kuitwa. Theodory aliingia amemwegemea binti yake, uso umejaa, pumzi zinasikika. Alikaa kabla hajaona amekaa karibu na nani. Macho yake yakashuka kwenye bandeji.

"Jenipher," akasema. "Nani amekukata?"

"Wewe."

Blessing, msichana mrefu mwenye kucha za rangi, akaingilia. "Mama, shikamoo, ila tafadhali. Baba haruhusiwi kupata presha."

"Marahaba. Kwa hiyo umemkalisha mpaka amekuwa godoro. Unafikiri unamtunza?"

"Blessing, nenda kanitafutie maji," Theodory akasema. Binti akaondoka. Benchi likasogea, nao wakasogea. "Sina la kusema."

"Unalo. Kwa kinyozi ulikuwa nalo. Ukaseme palepale ulipolisemea, na upite njiani kila mtu akuone, kwa miguu yako." Akaitwa jina, akainuka na fimbo. "Mimi nilicheka, Theodory. Nilicheka, nikaomba msamaha jioni ileile. Wewe ulikwenda kukaa kwenye kiti ukafikiria, ndipo ukasema."

Daktari wa siku hiyo alimpa Theodory dawa nyingine na maneno makali kuliko dawa, na kwa Blessing akasema wazi kwamba kochi lile linaweza kumuua baba yake haraka kuliko barabara. Uvimbe ulipoanza kushuka, Theodory alivaa suti ya bluu. Siku ya kwanza aliishia getini. Siku nyingine akafika kwenye kalavati, akakaa juu yake mpaka pumzi ikarudi, watoto wa shule wakimwamkia na kumcheka kwa pamoja. Binti alilia, akatishia kurudi Arusha, na mwisho akarudi kweli.

Jenipher alikuwa amefungua tena mgahawa, kwa kibali, bila wateja. Siku Theodory alipofika alikuwa ameloa jasho, midomo ina rangi ya majivu. Jenipher alimwekea kiti cha nje, upande wa barabara, juani.

"Kuna nini?"

"Ugali na mchicha. Chumvi hakuna."

"Lete."

Wale wa bodaboda wakakusanyika. "Mzee, vipi, huogopi kidole?" mmoja akauliza.

Theodory aliweka tonge chini. "Kidole kimekatwa. Kilikatwa kwa sababu yangu. Huyu mama alifunga kidonda chake vizuri na kunawa, na mimi nilijua hivyo, nikasema vile ili mniache mimi mumcheke yeye. Nimetoka kwa kinyozi, nimesema hukohuko. Mimi ndiye niliyejikojolea. Kaeni mle."

Hakuna aliyekaa. Jenipher alikuwa akisugua sufuria na hakugeuka. Theodory alirudi kesho yake akayasema tena kwa watu wengine, na keshokutwa, akila peke yake juani. Mwezi ulipokwisha benchi moja lilikuwa limejaa. La pili halikujaa kamwe, na Baltazar mpaka leo hupita akitazama upande wa pili.

Theodory alimposa Jenipher mchana mmoja wa mvua, walipokuwa wawili tu ndani ya mgahawa.

"Nataka nikuoe."

"Nani atakaa na wewe, mbaya hivyo?" Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Sijakusamehe. Nikijikwaa nakuchukia upya. Najikwaa kila siku."

"Najua."

"Daktari amesema mguu uoshwe kila asubuhi, ukaushwe, ukaguliwe. Utauosha wewe. Utauangalia vizuri, utaona pale vidole vilipokuwa."

"Nitauosha."

"Hata siku unaumwa."

"Hata siku hiyo." Theodory akaitazama suruali yake. "Na mimi, Jenipher? Siku kile kidonge kikinishinda tena barabarani?"

"Nitacheka."

Theodory akainua macho.

"Nitacheka," Jenipher akasema tena, "halafu nitavua kitenge nikufunge kiunoni, tuendelee."

Walifunga ndoa Bonga, kwenye kanisa dogo, Eliya akiwa pembeni ya mama yake. Blessing hakuja. Mwendo wao haukulingana tena. Jenipher sasa anachechemea, na mwendo wake hauutoshi moyo wa Theodory. Kwa hiyo asubuhi, baada ya kuuosha na kuukausha mguu, humtembeza mkewe mpaka kalavati na kurudi, taratibu, kisha anamwacha getini na kwenda peke yake upande wa ziwani, kwa kasi aliyoagizwa. Jenipher huleta kigoda akakaa hapohapo getini na simu mkononi. Akichelewa kutokea kwenye kona, anampigia.

"Bado hujafa?"

"Bado."

"Basi ongea," anamwambia. "Nataka kusikia pumzi."