Mbonea wa Jabalini

Ng'ombe hajui mgeni. Hata nyumba ijae watu kutoka ng'ambo, jioni ikifika yeye atalia njaa tu. Basi Koleta akachukua panga, akajitupia kanga ya pili mabegani, akashuka migombani nyuma ya nyumba. Ulikuwa mwezi wa nane. Majani hakuna, na huku kwetu Bombo kiangazi kikikaza, mgomba ndio chakula cha ng'ombe mpaka mvua irudi. Ukungu ulikuwa umeshashuka. Wakati ule chini Same watu walikuwa bado wanatoka jasho, huku juu hata njia huioni.

Akakata wa kwanza. Akakata wa pili. Maji yake yakamrukia mkononi, akajifuta upesi kwenye majani. Kila mwanamke wa huku anajua: utomvu wa mgomba ukikaukia kwenye nguo, fua kwa sabuni uitakayo, doa la kahawia litabaki mpaka nguo iwe tambara.

Ndipo akasikia kitu kinabingirika.

Kilitoka juu, upande wa Jabali. Taratibu. Du... du... du... Kikakoma hatua chache kutoka aliposimama, ndani ya ukungu.

Kisha mtoto mchanga akacheka.

Koleta alidhani ni binti yake, Brightness, ametoka na mtoto. Akaita kwa ukali, akauliza nani kamfundisha kumtoa mtoto kwenye baridi namna ile. Akasogea kutazama. Hapakuwa na mtu, ila harufu. Harufu ya mgomba, lakini si huu alioukata sasa hivi... ni ule uliooza siku nyingi mahali pasipoingia jua. Akabeba kipande kimoja tu, akapanda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Nisikudanganye, Koleta si mwoga. Amemzika mume, amemzika mama, na kwenye kwaya akisimama yeye hakuna wa kumfunika sauti. Hofu yake ilikuwa moja tu, mjukuu. Mtoto wa Brightness alikuwa na miezi minane, hana jino hata moja, na wiki ya tatu sasa alikuwa hanyonyi vizuri. Fizi zimevimba. Na zilizovimba ni za juu.

Wewe wa mjini utasema, sasa hilo nalo ni jambo? Sikiliza. Mtoto anayetanguliza meno ya juu anaitwa kigego, na zamani huku milimani kigego hakulelewa. Alipelekwa Jabalini, pale juu ya kijiji, akaachiwa kutoka kileleni aanguke. Kanisa lilikuja, kengele ikalia, lakini wapo waliotoka ibadani wakapanda Jabalini na dini yao mfukoni. Kaka yake Koleta, mzaliwa wa kwanza wa mama yao Asteria, alipelekwa mwaka hamsini na nane. Jina lake Mbonea. Koleta alizaliwa baada yake, hakumwona.

Asteria hakumtaja mwanawe yule maisha yake yote. Alikataza jambo moja tu: mtoto yeyote wa nyumba ile asipewe jina lile. Koleta aliona ni uchungu wa mama. Asteria alipofariki Novemba, na Brightness akajifungua Desemba, Koleta akasema sasa kaka yangu arudi nyumbani. Kwetu marehemu akipata wajina hutulia. Januari mtoto akabatizwa Mbonea, na Koleta alilia kwa furaha kanisani mpaka watu wakamshika. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti lingekuwa guu.

Wageni wenyewe walikuwa mke na mume, Lois na Wendell, wakulima wa ngano kutoka Kanada. Walifikishwa na Paschal, mwalimu wa Same mwenye asili ya hapa, wakitafuta ndugu wa Asteria ili waandike historia ya ukoo wao. Wendell ni mzungu. Lois ni maji ya kunde, na aliposhuka garini juzi, Koleta alikuta paji la uso la marehemu mama yake linamtazama. Hakuuliza. Kuna maswali mtu huyaacha yaje yenyewe.

Yalikuja jioni ile, baada ya makande. Lois alikunjua karatasi kubwa mezani, majina yamepangwa kwa mistari, na kando yake akaweka picha ya mzee mweusi amesimama kwenye shamba la ngano lisilo na mwisho. Halafu akatoa barua kuukuu, Paschal akaitafsiri polepole. Iliandikwa na bibi aliyemlea baba yake. Bibi huyo na mumewe walifika Bombo miaka ile kufundisha kilimo, hawakujaliwa mtoto. Usiku mmoja Asteria aliwabishia hodi, amebeba kigego wake. Akawaomba wamchukue. Wakamshusha mpaka Same ndani ya tenga, juu yake wamepanga kabichi, wakapanda treni ya Tanga. Hawakurudi tena.

"Shangazi," Lois akasema. Alikuwa amefundishwa neno hilo njiani. "Baba yangu ni Mbonea."

Koleta alimkumbatia yule mwanamke akalia kwa sauti. Kaka aliishi! Alioa, akapata watoto watatu, akaendesha trekta. Kwa muda mfupi nyumba ile ilikuwa na furaha kama ya arusi, Brightness anapiga vigelegele na mtoto mgongoni, Wendell anacheka tu hata haelewi. Kisha Koleta akauliza kaka yake alifariki lini.

Machi, mwaka huu huu.

Koleta akaketi. Kwa hiyo Januari, siku ya ubatizo, mwenye jina alikuwa bado hai.

Wendell naye akaongeza lake, pengine alidhani ni kichekesho. Alisema mzee mwisho alichanganyikiwa kidogo. Kila jioni aliamuru madirisha yafungwe, akisema nje kuna mtu anazunguka nyumba anajiita Mbonea. Koleta akauliza yalianza lini hayo. Paschal akatafsiri, akasikiliza jibu.

"Anasema Januari."

"Soma tena pale pa Jabalini," Koleta akanong'ona.

Paschal akairudia. Asteria alikata kipande cha mgomba, urefu wa mtoto, akakiviringisha kwenye kaniki. Mashemeji zake walisimama chini wakisikiliza, maana desturi ilikuwa anayetolewa pale aitwe jina lake mara tatu kabla ya kuachiwa. Asiyeitwa hakuhesabiwa kuwa ametolewa. Basi Asteria akauita ule mgomba Mbonea, mara tatu, mbele ya mashahidi. Akauachia.

Koleta akakumbuka. Utotoni, kila mwaka walikwenda chini ya Jabali kumwagia maziwa yule mtoto. Shangazi zake walimwaga wakilia. Mama yake alimwaga ameangalia pembeni, halafu anamshika yeye mkono, wanaondoka karibu wanakimbia.

Hebu fikiria mwenyewe. Kitu kimeitwa jina la mtu. Watu wamekinyolea nywele za msiba. Kimeliliwa, kimenyweshwa maziwa miaka na miaka. Hata gogo lingekua.

Du...

Du... du...

Kilikuja kwa ubavu wa nyumba, kikakoma mlangoni. Mtoto aliyekuwa akilia kule jikoni, mgongoni kwa Brightness, akanyamaza ghafla. Harufu ya mgomba mbovu ikapenya chini ya mlango.

"Koleta," sauti ikasema nje. Ilikuwa ya chini, nzito, imelowa. "Mdogo wangu. Nani amevaa jina langu?"

Brightness alikuwa jikoni na vyombo vinagongana, hakusikia kitu. Lois aliinua kichwa, akauliza mtu huyo amesema nini. Paschal hakutafsiri. Alikunja barua, akaenda kuutia mlango komeo.

Asubuhi Paschal aliwaharakisha wageni kwenye gari, akidai ana kikao Same. Lois aliagana na shangazi yake kwa machozi, akamwandika mtoto kwenye ile karatasi kubwa, chini kabisa: Mbonea. Mlangoni palikuwa na mchirizi wa maji umekauka. Koleta alisugua sakafu kwa jivu, kwa mchanga, kwa sabuni. Doa la kahawia halikutoka.

Mchana kutwa mtoto alikuwa wa moto kama chungu. Brightness alisema ni meno tu, Mama, nesi kasema ni meno tu. Mumewe, Majaliwa, yuko huko chini mashamba ya mkonge, huja mwisho wa mwezi. Koleta hakumwambia binti yake chochote, na hapo simlaumu. Utamwambia nini mama anayenyonyesha?

Jua lilipoanza kuzama alikamua ng'ombe, akajaza kibuyu, akashika rozari, akaenda chini ya Jabali peke yake. Nia yake ilikuwa njema. Alikwenda kurudisha jina.

Chini pale hapaoti kitu, ila mgomba mmoja katikati ya mawe, mahali ambapo hakuna aliyepanda mgomba. Haukuwa na mkungu. Haukuwa na jani lililochanika, ingawa upepo ulikuwa mkali. Koleta akamimina maziwa kwenye shina lake. Akapiga goti, akakumbuka adabu, maana huyu alikuwa mkubwa wake.

"Shikamoo, kaka."

Ukungu ukapita. Ukatulia.

"Marahaba."

Koleta alijikojolea, na hakuona aibu. Akasema haraka kabla ulimi haujakufa. "Mbonea, sikujua. Mama alinikataza, sikumsikia. Jina ni lako, Mbonea, lichukue, mtoto tutamwita jingine. Uniachie mjukuu wangu. Nakuomba sana, Mbonea."

Akasikia maziwa yakinywewa. Taratibu, kwa mikupuo, kama mtoto mwenye njaa.

"Asante, mdogo wangu," sauti ikasema.

Harufu ikaondoka palepale. Koleta akashuka njia na miguu miepesi, anamshukuru Mungu, anafikiria jina jipya. Pengine Paulo. Pengine Sifael, la babu. Alipofika kwenye mfereji wa maji akasimama kuvuta pumzi.

Akahesabu.

Akahesabu tena kwa vidole, mara ya pili, labda amekosea. Hakukosea. Alikuwa amelitaja jina pale Jabalini mara tatu. Mama yake alipolitaja mara tatu alikuwa na mgomba mkononi. Yeye hakuwa na kitu cha kutoa badala ya mtoto, na aliyekuwa akiitwa Mbonea siku ile alikuwa nyumbani mgongoni kwa mama yake.

Alikimbia. Miaka sitini na ushei, na alikimbia mlima ule mpaka kandambili zikabaki njiani.

Akamkuta Brightness ameketi kwenye kigoda, anacheka. Homa ilikuwa imeshuka, alisema, ghafla tu, kama mtu aliyezima jiko. Mtoto alikuwa mapajani mwake, mtulivu, macho mangavu. Brightness akamfungua mdomo kwa kidole amwonyeshe bibi. Meno mawili, meupe, yametoka kwa pamoja. Ya juu.

"Si nilikwambia ni meno, Mama?"

Koleta alimpokea mtoto, akamnusa kichwani. Akamnusa tena.

Hayo ni majuma matatu yaliyopita. Mtoto halii tena. Ananenepa, majirani wanamsifia. Lois ametuma ujumbe kwa Paschal anaomba picha ya mtoto meno yakitoka, aiweke kwenye historia ya ukoo, na Paschal hajaujibu, wala hajapanda tena Bombo. Koleta alijaribu kumwita mtoto Sifael. Haitiki. Ukimwita Mbonea anageuka shingo nzima.

Jana jioni Brightness alikuwa uani na beseni, anafua vitambaa vya mtoto. Analalamika kwamba sabuni za siku hizi hazina nguvu kabisa. Alimwinulia mama yake kitambaa kimoja aone. Pale mate ya mtoto yalipokaukia palikuwa na doa la kahawia, na kingine vilevile, na kingine. Koleta alijua hata kabla ya kukigusa. Alimwambia avichome tu, atamnunulia vingine mnadani.

Ukungu ukashuka. Na huko Jabalini, kama kila jioni tangu siku ile, mtoto akaanza kulia. Si kilio cha kutisha. Ni kilio cha mtoto mwenye njaa, kimekauka, kimekwaruza, kwa sababu ameshalia siku nyingi.

Brightness akaacha kufua. "Mtoto wa nani yule analia hivyo?"

"Wa jirani," Koleta akasema.

Brightness akainamia tena beseni, lakini mikono haikwenda. Akajitazama kifuani. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, pande zote mbili, yanalowesha blauzi na kudondokea kwenye povu. Akasema ajabu hii, Mama, maana huyu tangu apone hataki hata kunyonya. Akamkabidhi bibi mtoto, akaingia ndani kubadili nguo.

Koleta alimpakata. Kule juu kilio kikazidi kufifia. Alikuwa na kibuyu chake tayari kando ya mlango, na kesho angekwenda nacho, na keshokutwa, ingawa kila asubuhi huyakuta maziwa yameganda pale pale alipoyamwaga, hayajaguswa na mtu. Yule wa mapajani alimtazama bila kupepesa, kisha akamchekea.