Ukuta Uliosikia Matusi

Ukuta wa nyumba ya kina Mtavangu ulifungua dirisha wenyewe asubuhi ile, bila fundi, bila msumeno, mbele ya nusu ya mtaa. Kwanza ulitokea mkunjo kati ya jiko la mama mkwe na sebule ya mkamwana wake, kama utando juu ya maziwa yanayochemka. Mkunjo ukapasuka taratibu, kingo zikajiviringa, mwanga ukapita. Mama mkwe akachungulia upande huu, mkamwana akachungulia upande ule, wakatazamana, wakaangua kicheko. Watu wakapiga makofi. Ajuza mmoja akapiga vigelegele mpaka kikohozi kikamkatiza.

Mhandisi Raya Vuai alisimama pembeni akijifanya anasoma kipimo chake, lakini moyo ulikuwa unamruka kwa furaha. Ule ulikuwa ukuta-mea wake. Ukuta-mea haujengwi, huoteshwa. Mtambo mfumaji ulichukua maranda na vumbi la mbao kutoka Mufindi, takataka ambazo zamani zilichomwa tu zikajaza watu moshi, ukazichanganya na nyuzi za uyoga, ukazifuma tabaka juu ya tabaka. Uyoga ukala vumbi, ukanenepa, ukawa ukuta mwepesi kuliko tofali na wenye joto kuliko blanketi. Na anayeijua baridi ya Iringa ya mwezi wa sita anajua kwamba hilo si jambo dogo. Ukipata ufa unajiziba wenyewe. Mtaa wa Lupande, uliokuwa wa mabati yenye kutu na mitaro inayonuka, ulikuwa umeoteshwa upya katika kiangazi kimoja, na hakuna familia hata moja iliyohamishwa. Hilo la mwisho ndilo Raya alilojivunia zaidi.

Lakini uyoga bila akili ni mboga tu. Kwa hiyo ndani ya kila ukuta Raya alitia Sikio. Sikio lilikuwa mtandao wa nyuzi nyembamba uliosikiliza watu wanavyosemezana, ukayapima maneno yao, kisha ukauambia ukuta la kufanya. Palipokuwa na mapenzi, ukuta ulijipunguza unene, ukafungua dirisha, hata mlango. Palipokuwa na uhasama, ulinenepa ukawatenga wenye kugombana. Raya alikuwa na sababu yake. Kwao Wete alilala jirani na watu waliotukanana kila siku, na utoto wake wote aliutumia akiwa amejifunika shuka gubigubi ili asisikie. Aliapa kwamba akiwa mkubwa atatengeneza ukuta utakaowahurumia watoto.

Makofi yalikuwa hayajakoma alipohisi mkono umemshika kiwiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Shikamoo yako nitaipokea baadaye. Njoo uone ukuta wako unachonifanyia."

Alikuwa Bibi Kanisia Ngonyani, Mngoni wa Songea aliyeolewa Iringa akazeekea hapo hapo, mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa misa. Alimkokota Raya mpaka nyuma ya nyumba yake. Hapo palikuwa na njia ndogo iliyotoka uani kwake kwenda uani kwa jirani yake, Mzee Vitalis Kikoti, Mhehe wa kuzaliwa. Siku zote njia ile ilipitisha mtu na ndoo yake. Sasa ukuta ulikuwa umeibana kutoka pande zote mbili, na kilichobaki ni tundu la kupitisha kichwa.

Ndani ya tundu lile kulikuwa na kichwa. Cheupe kwa mvi, na kinacheka.

"Umemleta mhandisi?" kichwa kikauliza. "Mwambie aongeze mbolea, ukuta uzibe haraka. Nimechoka kunusa mapishi ya wakimbizi."

"Wakimbizi ndio waliowapandisha babu zako juu ya mawe kama pimbi!"

"Babu zangu walipanda juu ili wapate kuwaona vizuri mnavyokimbia. Kamwene, mhandisi! Usimsikilize mateka wangu."

"Mateka nani? Hebu fungua chungu chako nikague. Mbwa wangu haonekani tangu jana!"

Ukuta ukalia *krr*, ukajaa kidogo. Raya aliuona kwa macho yake. Mzee Kikoti ikabidi arudishe masikio yake nyuma.

"Jamani, basi!" Raya alisema, uso umemwiva. "Kumbe ndiyo maana. Nyinyi mna ugomvi wa muda gani?"

"Ugomvi!" wakapaza sauti wote wawili kwa pamoja, na ilikuwa wazi kwamba sasa ndipo walipotukanwa.

"Mwanangu," Bibi Kanisia akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "huyu ni mtani wangu."

Wahehe na Wangoni walipigana zamani, vita vikali vya mikuki, na walipochoka kuuana wakawa watani. Tangu hapo Mhehe ana ruhusa ya kumwambia Mngoni lolote, naye ana ruhusa ya kumjibu, na anayenuna ndiye mshamba. Mtani anaingia kwako bila hodi. Mtani anakuzika, na msibani yeye ndiye anayewachekesha waliofiwa. Raya alikuwa amelisikia neno utani, nani asiyelisikia, lakini alidhani ni mzaha wa kupitisha wakati. Hakuliingiza katika Sikio. Kwa Sikio tusi lilikuwa tusi, na hawa wawili walikuwa wanaporomosheana matusi kuanzia chai ya asubuhi.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kichwani.

"Zima hilo dude lako," Mzee Kikoti alishauri kutoka tunduni.

"Nikilizima, Mzee, ukuta utabaki hivi hivi ulivyo. Na kuukata siwezi, ndio unaobeba mapaa yenu yote mawili. Lazima ufunguke wenyewe. Na Jumamosi tunakata maji mtaa mzima ili kuta zikauke. Zikikauka ni mawe. Palipoziba pameziba."

Wale wazee wakatazamana kupitia tunduni. Kuzunguka kwa njia ya barabarani ilikuwa mwendo wa kupanda na kushuka mlima, na magoti ya Bibi Kanisia yalikuwa yamekwisha kazi. Njia ile ikiziba wangekuwa majirani wa kusalimiana Jumapili kanisani.

"Ipo njia moja," Raya alisema hatimaye. "Kiapo. Mtu anasimama mbele ya Sikio, linamuuliza, naye anajibu wazi wazi. Linapima maneno na mapigo ya moyo kwa pamoja. Ukisema kweli kwamba unampenda mwenzako, litafuta yote liliyoyasikia kabla."

"Kusema nini?" Bibi Kanisia akauliza.

"Kwamba unampenda, Bibi."

Bibi Kanisia akamtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo sokoni.

Habari hazikukawia. Alhamisi alasiri ua wa Bibi Kanisia ulijaa watu, wengine na viti vyao, na kina Mtavangu walileta karanga. Tundu lilikuwa limebaki la kupitisha ngumi. Ili waonane, Mzee Kikoti alizungushwa kwa bajaji, akashuka akilalamika kwamba sasa mateka anatembelewa na mfalme. Ukuta ukalia tena. Raya akawaomba watu wanyamaze, akaliamsha Sikio.

"Kanisia Ngonyani," Sikio likasema kwa sauti yake laini, sauti ya nesi mwenye subira. "Mtu huyu ni nani kwako?"

"Ni mtumwa wa babu yangu aliyetoroka."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Tundu likapungua likawa la kupitisha vidole.

"Bibi, nakuomba," Raya alisema. "Mara moja tu."

"Sawa, sawa." Bibi Kanisia akajifunga khanga upya, akakohoa, akamtazama Mzee Kikoti. "Huyu... mtu huyu..." Akafumba mdomo. Akaufungua. Watu waliacha kutafuna karanga. "Siwezi, mwanangu. Mtani haambiwi hayo. Ukishamwambia, utamtukana vipi kesho?" Na machozi yakamlengalenga, naye akayafuta kwa hasira.

Mzee Kikoti akaisogelea sauti ya Sikio. Alivua kofia.

"Niulize mimi."

"Vitalis Kikoti. Mtu huyu ni nani kwako?"

"Mke wangu Atupele alipofariki," mzee alianza, na hakuongea kwa sauti ya utani, "watu walinijia kwa heshima. Walinipa pole, wakakaa, wakainamisha vichwa. Nilikuwa nasikia kama wananifukia mimi. Siku ya tatu sikuwa nimekula, wala sikukusudia kula. Ndipo akaingia huyu. Alikuwa amevaa gauni la marehemu, kitambaa cha marehemu, anatembea kwa mwendo wa marehemu. Akapanda kitandani kwetu akajilaza. Akaniita kwa jina ambalo Atupele peke yake aliniita. Akasema, 'Bado unashangaa? Chai yangu iko wapi?' Watoto wangu walikasirika. Mimi nikacheka. Nilicheka nikalia, nikainuka nikachemsha chai, nikainywa naye. Nisingecheka siku ile, mngenizika pale pale ubavuni kwa mke wangu." Akamwelekezea Bibi Kanisia kofia yake. "Sina mtu mwingine kama huyu. Ndivyo ilivyo. Andika hivyo."

Ukuta haukulia. Uliguna kwa chini, ukatetemeka, kisha ukaanza kufunguka. Ulifunguka upana wa mkono, wa bega, wa mlango, ukaendelea mpaka watu wawili wangeweza kupita wameshikana mikono. Ua wa mzee ukaonekana wote, na nguo zake kwenye kamba. Basi hapo vigelegele vikaja kama mvua juu ya bati, mtu akaleta ngoma, kina mama wakacheza mpaka vumbi likafika madirishani. Raya alicheza pia, vibaya, na hakujali.

Ijumaa asubuhi alikuja na chapati za moto. Alitaka kukaa pale mlangoni, asikie kazi ya mikono yake.

"Habari za asubuhi, Mzee Kikoti."

"Nzuri, Mama Ngonyani. Umeamka salama?"

"Salama, nashukuru. Na wewe?"

"Nashukuru Mungu."

 Mzee alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Bibi Kanisia alikuwa anachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Mlango ulikuwa wazi kati yao, na hakuna aliyeinua macho. Raya alitazama kipimo. Kilikuwa cha kijani mpaka juu, amani kamili, kijani ambacho hakuwahi kukiona tangu aanze kazi hii. Na hakuwahi kuona watu wawili wapweke kiasi kile. Akaziweka chapati kando.

"Mnaogopa ukuta utaziba tena?" aliuliza.

"Hilo moja," Bibi Kanisia akajibu, bila kuinua kichwa. "Lakini hata usingeziba. Nikitaka kumchokoza nakumbuka alivyosema, na lile dude lipo hapo limetega sikio, linangoja tuwe wazuri. Ulimi unakuwa mzito. Umetupa mlango, mwanangu, tunashukuru sana. Ila hatuna tena cha kupitisha."

Raya aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Alikuwa ametengeneza ukuta wa kuwasikiliza watu, na watu wakisikilizwa wakati wote huanza kusema yanayofaa kusikilizwa. Kesho yake wageni wa halmashauri wangekuja kuliona Sikio la Lupande, hilo hasa, si vumbi la mbao. Aliwaza hilo kwa muda wa kumaliza kujifuta mafuta mikononi.

Kisha akapiga magoti chini ya ukuta, akachimbua kwa bisibisi, akaupata mshipa wa Sikio, akauvuta. Ulitoka taratibu, uzi baada ya uzi, kama anayeng'oa ukoka shambani. Aliuvuta wote akaukunja, akauweka ndani ya ndoo. Kuta nyingine za mtaa angewauliza wenyewe, nyumba kwa nyumba, kama wanataka kusikilizwa. Hakuwahi kuwauliza.

"Halisikii tena?" Mzee Kikoti aliuliza.

"Halisikii."

"Hakika?"

"Wallahi, Mzee. Ni ukuta tu sasa."

Mzee akaegemeza ufagio. Akaja hadi mlangoni, akasimama wima, akakohoa.

"Mama Ngonyani."

"Naam, Mzee Kikoti."

"Jana nilisema mbele za watu kwamba uliniokoa."

"Nilikusikia."

"Nilikuwa na homa."

Bibi Kanisia akaweka ungo chini. Midomo ikaanza kumcheza.

"Homa gani, wewe, si njaa tu! Na kwa taarifa yako, ile chai uliyonichemshia ilikuwa kama maji ya kuoshea masufuria. Marehemu aliinywa miaka yote ile kwa sababu alikuwa mtakatifu. Yuko mbinguni kwa chai yako!"

Mzee Kikoti alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akaishiwa nguvu akachuchumaa, na machozi aliyofuta hayakuwa ya kicheko peke yake. Raya naye alicheka, analia, bisibisi mkononi.

"Na usijidhani umesalimika," Bibi Kanisia akaendelea, sasa amekwisha pata moto. "Umenianika mbele ya mtaa mzima. Kusema ukweli juu ya mtani kuna faini. Jogoo! Nataka jogoo wangu leo leo!"

"Ni haki yako," mzee akasema kwa unyenyekevu.

Akainuka, akapita mlango ule mpana, akampita Bibi Kanisia, akaingia bandani kwake bila hodi. Kukasikika purukushani na manyoya. Akatoka amemkumbatia jogoo mwekundu wa Bibi Kanisia mwenyewe, akampigia goti, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Faini yako, mama."

Matusi aliyoyaporomosha Bibi Kanisia pale hayaandikiki, na ukuta haukusikia hata moja.