Kitu Kilichoshuka na Maji

Kila asubuhi Bibi alikuwa wa kwanza kuingia bustanini. Alichukua kisu chake kidogo, akapita mche kwa mche, akikata vichipukizi vya ubavuni ili nyanya zinenepe. Alizungumza nazo. Mche uliochelewa kuzaa ulisemwa, na uliozaa sana ulisifiwa. Mkwewe alizoea kusikia sauti hiyo kupitia dirisha akiwa bado kitandani.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, ndogo lakini safi. Bomba lilikuwa juu, nyumba ilikuwa chini. Katikati kulikuwa na matuta manne yaliyoshuka kama ngazi, na mfereji mmoja uliyapitia yote. Tuta la nne lilikuwa chini kabisa ya dirisha la chumba walimolala mwanawe, mkwewe na mtoto wao mchanga.

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa furaha ya Bibi. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, mama yake alikuwa mshonaji, na wote wawili walikuwa na kazi tele. Kwa hiyo mchana mzima mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake.

Kisha nyanya zikaanza kufa.

Hazikufa kama mimea mingine inavyokufa. Hazikuwa njano wala kukauka. Hazikuwa na doa wala mdudu. Jioni mche ulisimama wima, asubuhi ulikuwa umeinamisha kichwa, majani yote yakiwa bado ya kijani. Ulikufa ukiwa mbichi. Bibi aliumwagilia maji, nao ukazidi kulegea.

Msimu wa kwanza lilikufa tuta la juu. Bibi hakutishika. Mama yake alimfundisha kwamba ardhi huchoka na rangi moja. Ukipanda chekundu leo, kesho panda cha rangi nyingine. Basi akang'oa nyanya, akazifukia palepale ziwe mbolea, akapanda bilinganya za zambarau. Nyanya akazihamishia tuta la pili.

Bilinganya zikainama. Nyanya za tuta la pili nazo zikainama.

Msimu uliofuata akabadilisha rangi tena. Juu akapanda pilipili hoho za kijani, bilinganya akazishusha tuta la pili, na nyanya akazishusha tuta la tatu na la nne. Kwa muda kila kitu kilikuwa kimya. Halafu asubuhi moja akazikuta hoho zimelala, bilinganya kadhaa pia, na chini yake nyanya tatu zilizokuwa kando ya mfereji zimelala vilevile, vichwa vyote vikielekea nyumbani.

Bibi alisimama na kisu mkononi. Aliangalia juu kwenye bomba, akaangalia chini kwenye dirisha. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kitu hiki kilikuwa kinatembea. Kilikuwa kinashuka.

Akakumbuka jambo jingine, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Siku kadhaa nyuma alikata vichipukizi vya miche ya kwanza, ile ya kando ya mfereji, kisha mtoto akalia, naye akaacha kazi na kuingia ndani. Miche aliyoigusa ndiyo iliyokufa. Ile ambayo hakuifikia siku hiyo ilikuwa imesimama, mizima.

Aliitazama mikono yake kama si yake.

Siku hiyo mkwewe alipomletea mtoto, Bibi alirudi nyuma.

"Mweke kwenye mkeka, mwanangu."

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Mweke tu."

Ikawa hivyo siku hiyo, na siku zilizofuata. Mtoto alimnyooshea mikono, Bibi akaficha yake chini ya kwapa. Alimwimbia kutoka mbali. Nyumba nzima ikapoa. Mwishowe mwanawe alimuuliza, na Bibi akasema yote.

"Mikono yangu imeingiwa na kitu. Ninachokishika kinakufa. Na kinakuja huku, kwenye dirisha lenu."

Fundi baiskeli alijaribu mzaha. "Mama, mimi kila mnyororo ninaoushika unakatika. Mbona sijasema nina mkosi?"

Bibi hakucheka. Mkwewe naye hakucheka. Alikuwa amelitazama tuta la nne asubuhi ile. Mche mmoja wa nyanya, ule uliogusana na ukuta, ulikuwa umeanza kuinama. Na usiku uliotangulia, kwa mara ya kwanza, alikuwa amefunga dirisha.

"Nitamwita Mama Buti," mkwewe akasema.

Mama Buti alikuwa afisa kilimo wa eneo lile. Aliitwa hivyo kwa sababu ya buti zake za mpira. Kabla ya kuingia bustani ya mtu aliziosha kwa sabuni, na akitoka aliziosha tena. Watu walimcheka, lakini yeye hakujali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usinishike mkono."

Mama Buti alimtazama kidogo, kisha akasema, "Haya. Nionyeshe wagonjwa."

Alipita matuta yote. Akauliza kila tuta lilipandwa nini, na baada yake nini. Bibi akamweleza habari ya rangi. Kisha Mama Buti akakata shina la nyanya iliyoinama, akaomba glasi ya maji safi. Akazamisha ncha ya kipande cha shina majini, akakishikilia hapo bila kukitikisa.

"Tazameni. Msiseme kitu."

Wakatazama. Mwanzoni hakukuwa na chochote. Halafu, pale shina lilipokatwa, kikatoka kitu cheupe. Kilikuwa chembamba kama uzi. Kilishuka polepole ndani ya maji, kikijinyonganyonga, bila mtu kukisukuma. Kikafuatwa na uzi wa pili, na wa tatu, mpaka maji yakaanza kuwa kama maziwa.

Fundi baiskeli aliyependa mzaha akasogeza uso karibu na glasi.

"Ndicho hicho," Bibi akanong'ona. "Ndicho kinachotembea."

"Ndicho," Mama Buti akakubali. "Hukukosea, Bibi. Kipo, na kweli kinatembea. Lakini si mkosi. Ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hapa vimetoka mamilioni kwa mamilioni, ndiyo maana mnaviona. Vinaishi udongoni. Vinaingia kwenye mizizi, vinaziba njia za maji ndani ya shina. Mche unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Ugonjwa huu unaitwa mnyauko."

"Na kwa nini kinashuka kuja nyumbani?"

"Maji yanashuka kwenda wapi?"

Wote wakautazama mfereji.

"Kwa hiyo si mikono yangu?" Bibi akauliza. Aliuliza kama mtu anayengoja hukumu.

Mama Buti angeweza kusema uongo wa kumfurahisha, lakini haikuwa tabia yake.

"Mikono yako imekibeba, Bibi. Sitakuficha. Kisu kikikata mche mgonjwa, kikaenda kukata mzima, kinauambukiza. Lakini kwenye ngozi ya mtu hakina la kufanya. Hakimwingii mtu. Hakimwingii mtoto. Maji na sabuni vinakiondoa mikononi, na kisu unakiunguza kwenye moto."

Bibi akasema, "Mbona nilibadilisha mazao? Kila msimu nilibadilisha."

Mama Buti akachuma ua la nyanya, ua la bilinganya na ua la pilipili hoho. Akayaweka matatu kwenye kiganja chake. La kwanza lilikuwa la njano, la pili la zambarau, la tatu jeupe. Lakini yote yalikuwa na umbo la nyota.

"Yanafanana?"

"Kama ndugu," mkwe akasema.

"Ni ndugu. Nyanya, bilinganya, pilipili, hata viazi mviringo, wote ni ukoo mmoja. Bibi, ulibadilisha nguo, lakini aliyezivaa alikuwa yuleyule. Kila msimu ulikipa kitu hiki chakula kilekile. Na ile miche uliyoifukia ilikuwa akiba yake."

"Mama yangu alikosea, basi."

"Alikuwa sahihi kwamba tubadilishe. Ila hatubadilishi rangi, tunabadilisha ukoo."

Akachukua kijiti, akachora matuta manne mchangani. Juu akaweka punje ya mahindi. La pili akaweka ganda la kitunguu. La tatu jani la kabichi, la nne kipande cha karoti. Kisha akavisogeza vyote hatua moja, na cha chini akakirudisha juu.

"Msimu ujao hivi. Unaofuata, tena hivi. Hakuna zao linalorudi nyumbani kwake mapema, na hakuna ndugu wa nyanya anayekanyaga hapa kwa miaka mingi. Nyanya zenu zipandwe mbele ya nyumba, ambako hazijawahi kupandwa, na maji haya yasifike huko. Huko nako, msimu mmoja tu, kisha zinahama. Miche hii ing'oeni na mizizi yake, ikauke, ichomwe. Msifukie hata mmoja."

Akaosha buti zake, akaenda zake.

Kazi ikafanywa. Miche ilichomwa mbali na bustani, na jembe likaoshwa. Lakini mtoto aliendelea kukaa kwenye mkeka. Bibi alikuwa ameelewa kwa kichwa, ila mikono yake ilikuwa haijaamini.

"Nitapanda kabichi chini ya dirisha," alimwambia mkwewe. Kwenye mchoro palikuwa pa karoti, lakini akabadilisha nafasi za karoti na kabichi. "Nitazipanda mwenyewe. Mtu mwingine asiziguse. Zikiishi, nitajua."

Mkwe alitaka kubishana. Alipoyaona macho ya mama mkwe wake, akaenda kumletea jembe.

Kabichi zikashika. Bibi alizigusa kila asubuhi, moja moja, baada ya kunawa. Mchana mmoja wa jua kali akazikuta zimelegea zote, majani yamelala chini. Alikaa palepale kwenye udongo. Hakumwita mtu. Alikaa hivyo mpaka jua likapoa, na polepole majani yakaanza kunyanyuka. Ilipofika asubuhi, kila kabichi ilikuwa imesimama. Lilikuwa jua tu.

Kabichi zikafunga vichwa. Bibi akakata ya kwanza. Ilikuwa nzito, ikatoa sauti ya kitu kilichojaa ilipogongwa. Akaipeleka jikoni, akaiweka mezani mbele ya mkwewe, akarudi bombani. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akaja na mikono ikichuruzika maji, akainyoosha.

"Nipe mjukuu wangu."

Mkwe alimpa haraka, kabla hajabadili nia. Mtoto alikuwa ameongeza uzito. Bibi alimkumbatia, akalia waziwazi bila aibu, kisha akatoka naye nje.

"Mama," mkwe aliuliza kutoka kwenye dirisha lililokuwa wazi, "kwa hiyo kile kitu kimekufa?"

"Hakijafa. Mama Buti anasema kinaweza kukaa udongoni miaka." Bibi alisimama kando ya tuta la juu. Mahindi yalikuwa yamekauka, tayari kuvunwa, na majani yake yalisuguana ingawa hapakuwa na upepo wa maana. Akamwinamia mtoto sikioni. "Hapa kuna kitu kimelala na njaa. Hatukiamshi, sawa?"

Mtoto alimshika kidole gumba, akakitia mdomoni, akaanza kukitafuna kwa vijino vyake vichache. Bibi hakukitoa.